Sekunde Mbili Bila Kioo

Baba alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa namweka mteja sawa kwenye kiti cha studio. Alikuwa amesikia redioni kwamba jua litapatwa, na kwamba huku kwetu litabaki kipande chembamba tu. Nilimwamkia, akaitikia haraka haraka, kisha akaniambia siku ya kupatwa niende nyumbani Samuye na kamera. Hakuuliza kama nina nafasi. "Njoo na ile lenzi ndefu," alisema, akakata.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ya chumba kimoja Ngokolo, mjini Shinyanga, siku za kazi napiga picha za vitambulisho, Jumamosi nafuata harusi popote zinaponiita. Kazi hii nilifundishwa na baba. Yeye alikuwa na studio hapohapo mjini enzi za mikanda, akisafisha picha mwenyewe kwenye chumba cha giza nyuma ya duka, na nguo zake siku zote zilinuka dawa. Alipozeeka alifunga duka, akarudi Samuye kulima dengu na kuchunga ng'ombe wachache.

Kulikuwa na hadithi moja ya ujana wake aliyotusimulia mara nyingi, na kila alipoisimulia hakucheka. Jua liliwahi kupatwa akiwa bado anafanya kazi kwa mtu. Tajiri wake alimwambia mwanga wa siku hiyo unaua kamera, na macho pia. Baba akaogopa. Alijifungia kwenye chumba cha giza na mkanda mzima mkononi, akakaa humo mpaka watu walipoanza kupita barabarani wakizungumza kama kawaida. Alipotoka jua lilikuwa zima. Hakuona chochote.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini alipiga simu. Lakini niliogopa tangu dakika ile alipokata. Baba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande wa kulia, mwaka mmoja na nusu uliopita. Jicho la kushoto lilikuwa bado na ukungu, na yeye mwenyewe alikuwa akiahirisha kulipeleka. Maana yake alikuwa anaishi kwa jicho moja. Kwa jicho hilo aliweza tena kuhesabu ng'ombe wake kutoka mlangoni, na kuniona uso nikiingia uani. Nilijiona nikimpeleka kulichoma kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku mbili baadaye nilifunga studio mapema nikaenda kliniki ya macho kuuliza. Nesi aliyenipokea, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinisikiliza hadi mwisho. Aliniambia miwani ya jua haifai, hata iwe nyeusi vipi. Picha za eksirei hazifai. Beseni la maji, ambalo watu wengi huku hulitumia, halifai pia, kwa kuwa jua likiwa ndani ya maji bado ni jua. Tena jua halimwashi mtu anapoliangalia, akasema, ndiyo maana watu hawajui wameumia mpaka baadaye. Kwa mzee kama wangu, njia nzuri ni kuligeuzia jua mgongo. Mwanga upite kwenye tundu dogo, uangukie karatasi, na yeye aiangalie karatasi.

"Na wewe unayepiga picha?" aliuliza.

Nilimwambia nitatafuta kioo cha kuweka mbele ya lenzi. Alitikisa kichwa, akarudia kwamba nimwangalie mzee.

Kioo alinitafutia mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko Geita. Kazi yake ni kuchomelea makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya wachimbaji wadogo, na siku nzima anakaa nyuma ya kioo cheusi. Nilipomweleza shida yangu alisema kile anachotumia yeye ni namba kumi na moja, kinatosha kwa moto wa kuchomelea lakini kwa jua hakitoshi. Ilibidi namba kumi na nne. Alizunguka kwa mafundi wenzake siku tatu mpaka akakipata, akakifunga ndani ya shati lake la zamani na kukituma kwa basi. Jioni akapiga simu kuhakikisha kimefika kizima.

"Dada, kiweke mbele ya lenzi, siyo nyuma," alisema. "Na usikitoe mpaka kwanza umegeuza kamera. Hata kama ni kidogo."

Nilicheka, nikamwambia nimekuwa na kamera kabla yeye hajajua kushika nyundo.

Nilikikatia fremu ya kadibodi ngumu, nikaibana mbele ya lenzi kwa gundi ya karatasi ile pana, nikijaribu kuitikisa nione kama itaanguka. Saa saba mchana nilisimama nyuma ya studio nikaelekeza kamera juu. Sikuchungulia kwenye kitundu cha kutazamia. Niliwasha skrini ya nyuma, nikajifunika kitenge cheusi kichwani ili nione. Jua lilitokea pale katikati, duara la kijani kama ndimu isiyoiva, na juu yake vidoa viwili vidogo sana. Nilidhani ni vumbi kwenye kioo. Nilikizungusha kioo, vidoa havikuhama. Vilikuwa vya jua lenyewe. Nilibaki pale chini ya kitenge kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na hofu.

Siku yenyewe niliwahi Samuye mapema kwa bodaboda, stendi ya kamera nimeikumbatia. Baba alikuwa ameshavaa shati la kwendea kanisani. Alikuwa pia ametengeneza sanduku lake. Kartoni ya sabuni, upande mmoja amekata dirisha na kubandika karatasi ya kung'aa ya kwenye pakiti ya sigara, ameitoboa kwa sindano mara moja tu. Ndani, upande wa pili, karatasi nyeupe. Nilimwelekeza akae kwenye kiti, mgongo kwa jua, sanduku begani. Alitii kila nilichosema, na utii wake ulinitia wasiwasi zaidi, kwa sababu baba siyo mtu wa kutii.

Mama alisema jua amelima chini yake tangu utoto, analijua, hana haja ya kulichungulia. Alibaki jikoni.

Majirani walianza kuja, watu kumi hivi. Mama mmoja alikuja na beseni la maji, mzee mwingine na picha ya eksirei ya mguu wake uliovunjika zamani. Baba aliwakatalia wote wawili kwa adabu, akawapanga mstari wachungulie kwenye sanduku mmoja mmoja, migongo kwa jua. Alikuwa anafurahi. Alirudi kuwa mtu wa studio, anayewaambia watu wakae vipi na wageuke wapi.

Mimi nilikuwa kwenye kamera, hatua kumi kutoka kwao, lakini macho yangu yalikuwa kwake. Kila alipoinua kichwa niliiacha kamera. Kuna wakati aliweka sanduku chini na kusimama, akageuka upande wa jua, nikapaza sauti, "Baba!" Watu wote waligeuka. Kumbe goti lilikuwa limemkaza, anataka kulinyoosha. Alinitazama, akakaa tena.

Kufikia kama saa sita kasoro mwanga ulikuwa umebadilika. Haukuwa wa jioni wala wa mawingu. Ulikuwa hafifu lakini kivuli cha kila kitu kimechongoka, hata vidole vyangu ardhini niliviona ncha zake. Ubaridi uliingia. Kuku wawili walielekea bandani. Chini ya mwarobaini wa baba, pale ambapo siku zote kuna madoa ya mwanga yanayopita kati ya majani, kulikuwa na vipande vya jua vilivyopinda kama kucha zilizokatwa, mamia yake, ardhini na kwenye ukuta wa nyumba. Baba aliviona kabla yetu. Alitoa simu yake mfukoni akaanza kuupiga picha ukuta.

Ndipo wingu likaja. Lilikuwa jepesi, limetandazwa kama pamba iliyochambuliwa, lakini lilitosha. Kwenye skrini jua langu la kijani lilififia, likapotea. Kioo cheusi na wingu pamoja vilizuia mwanga wote. Nilingoja. Muda ule mfupi wa jua kubaki ukucha ulikuwa unapita, na mimi nina skrini nyeusi mbele yangu. Nilitupa jicho juu haraka, nikaona kupitia wingu kipande cheupe, kimepoa kama mwezi wa mchana. Nikajiambia kwamba wingu lenyewe sasa ndilo kioo.

Nilikitoa kioo. Skrini, ambayo ikipata joto ina tabia ya kuzimika, ilizimika wakati uleule. Kwa hiyo niliweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia, jicho la kulia, lile ambalo nimefanyia kazi maisha yangu yote.

Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kwenye kamera. Ukucha wa fedha, na wingu likipita juu yake polepole kwa rangi za maziwa na moshi. Nilipiga picha nne. Nilijua inatosha. Nilikuwa nabonyeza ya tano wingu lilipopasuka.

Sikusikia maumivu. Kulikuwa na weupe, kisha nikavuta kichwa. Kama ningeulizwa ningesema ni sekunde mbili, pengine chini ya hapo. Niligeuza kamera chini, nikakirudisha kioo mahali pake, na nikakibana kwa gundi mpya, kwa uangalifu sana, kana kwamba nikikibana vizuri nitakuwa sijakitoa.

"Mayu, njoo uone ukuta," baba aliniita. Mayu kwetu ni mama, lakini baba huniita hivyo akiwa na furaha.

Nilienda. Alisimama pale na simu yake, akinionyesha vile vipande vilivyopinda jinsi vinavyotikisika upepo ukitikisa majani. Mimi katikati ya ukuta niliona doa la zambarau na kijani, kama lile linalobaki ukiangalia taa. Popote nilipoelekeza jicho lilikwenda nalo. Nilisema ni nzuri sana, baba. Sikuwa naona alichokuwa ananionyesha.

Nilijiambia doa litaisha kabla ya jioni. Liliisha rangi tu. Asubuhi yake, studio, nilifungua kompyuta kurekebisha picha ya kitambulisho ya kijana aliyeomba kazi mgodini. Nilikuza uso ili nisafishe chunusi. Kijana hakuwa na pua. Masikio yalikuwepo, kola ya shati ilikuwepo, katikati kulikuwa na kijivu. Nilihamisha jicho kwenye mdomo, pua ikarudi na mdomo ukapotea. Nilifumba jicho la kulia, uso ukawa mzima. Nilifumba la kushoto, ukatoboka tena. Fremu ya mlango, ambayo niliiweka mwenyewe kwa kipimo cha fundi, ilipinda katikati kama mti uliokutana na jiwe.

Nilifunga mlango kwa ndani nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Sikumwambia mtu. Watu wangeuliza kwa nini hukuenda hospitali siku hiyohiyo, na jibu langu halina maana yoyote ila ni la kweli. Niliogopa baba asije akajua. Angesema yeye ndiye aliyeniita. Na niliogopa wateja. Mpiga picha asiyeona katikati ya picha, nani atamwita harusini?

Jumamosi ya wiki ileile nilikuwa na harusi Ushirombo. Nilipanda basi alfajiri, nikapita Kahama, njia nzima nikisoma vibao vya barabarani kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Kanisani nilijaribu kutumia jicho la kushoto. Pua yangu iligandamiza skrini, mkono haukujua pa kukaa, nilikuwa kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake. Kila bwana na bibi harusi walipogeuka, mimi nilikuwa nimechelewa kidogo. Wakati wa pete nilishikilia kitufe nikapiga picha nyingi mfululizo, nikiomba mojawapo iwe safi. Kisha nikatoka nje kuzikagua, na sikuamini tena jicho langu lolote. Nilimsogelea shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye kilemba cha dhahabu, nikamwonyesha kamera.

"Shikamoo mama. Hebu niangalizie, sura zao ziko safi?"

"Marahaba. Ziko safi kabisa mwanangu," alisema, akaishika kamera kwa mikono miwili. "Hata machozi yanaonekana."

Alidhani namheshimu, na siku nzima alinitafuta ili nimwonyeshe nyingine. Sikumwambia kwamba ndiye aliyekuwa macho yangu.

Jumatatu nilikwenda kliniki. Nesi yuleyule mwenye sauti ya chini alinikumbuka. Uso wake ulibadilika mara moja.

"Mzee yuko salama?"

"Yuko salama," nilisema. "Ni mimi."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Alinitia matone, akaniambia nisubiri nje mpaka mboni zipanuke, kisha akaniangalia kwa taa yake kwa muda mrefu sana. Alinipa karatasi yenye mistari ya miraba, nukta nyeusi katikati, akaniambia nitazame nukta kwa jicho la kulia na nimweleze. Nilimwambia nukta siioni vizuri, na miraba inayoizunguka imeminywa. Aliandika.

Alipojua kazi yangu alinieleza kwa lugha yangu. Nyuma ya jicho kuna sehemu inayopokea picha, kama mkanda ulivyokuwa kwenye kamera za zamani. Katikati yake kuna doa dogo linalosomea, linalotambua nyuso, linalotunga uzi kwenye sindano. Lenzi ndefu ilikusanya jua lote ikaliweka hapo.

"Kuna dawa?" niliuliza.

"Hapana. Hakuna dawa wala upasuaji wa hili. Wengi hupata nafuu wenyewe, kwa miezi. Wengine hubakiwa na doa. Sasa hivi siwezi kukuambia utakuwa yupi."

Nilithamini kwamba hakunidanganya, lakini nilitembea mpaka Ngokolo kwa miguu, na sikumbuki nilipita wapi.

Jumapili ya pili baada ya hapo nilienda Samuye, kwa sababu nisingeenda wangeuliza. Mama alinipa ungo wa dengu nichambue huku akipika. Nilifanya haraka, nikizungumza mengi ili nionekane mzima. Aliniangalia kutoka jikoni. Baadaye alikuja akachukua ungo, akapitisha kiganja, akatoa vijiwe vitatu akaviweka mbele yangu kimoja kimoja.

"Unageuza shingo kama kuku," alisema. "Tangu lini?"

Nilianza kulia, na yeye akakaa chini kwenye mkeka kando yangu mpaka nilipomaliza, kisha akasema baba lazima ajue, na nitamwambia mimi mwenyewe, leo.

Baba alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alitoka akaenda zizini, nikamwona anahama kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine bila kazi yoyote. Alikaa huko kama nusu saa. Aliporudi alivuta kiti karibu yangu.

"Kioo kilipasuka au ulikitoa?"

"Nilikitoa."

"Kwa nini?"

"Wingu lilikuwa limeziba. Nilitaka picha."

Alitikisa kichwa polepole. Mpiga picha yeyote angeelewa, na nadhani kuelewa kwake ndiko kulikomuumiza. "Siku ile nilikuona unaniangalia mimi tu," alisema. "Nikasema moyoni, acha aniangalie, angalau anajua hatari. Mimi sikukuangalia wewe. Ningebaki na hadithi yangu ya chumba cha giza, ningekufa nayo, isingekuwa kitu."

Nilimwambia hakunituma kutoa kioo. Alisema anajua. Lakini jioni ile hakula, na mama alipomsemesha alijibu kwa Kisukuma kifupi kifupi, kama anavyofanya akiwa msibani.

Kilichofuata sikukitarajia. Siku mbili baadaye, kabla sijafungua studio, nilimkuta mdogo wangu ameketi kwenye ngazi, begi mgongoni, amekuja na basi la kwanza kutoka Geita. Mama alikuwa amempigia simu. Hakunisalimia vizuri.

"Kioo kiko wapi?"

Nilimpa. Alikipeleka mlangoni, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye kila ukingo akitafuta ufa. Alisoma namba iliyochongwa pembeni, akaisoma tena kwa kidole. Nilimwona midomo inatikisika. Ndipo nikaelewa kwamba mama alimwambia tu jicho langu limeungua siku ya kupatwa kwa jua, na tangu hapo mdogo wangu alikuwa anaamini ni kioo chake.

"Kioo chako ni kizima," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyekitoa. Uliniambia nisikitoe, nikakitoa."

"Kweli? Siyo kwamba unanifichia?"

"Kweli."

Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka kioo mapajani. Alisema siku mbili zile kila alipowasha moto wa kuchomelea alikuwa anaona namba, hana hakika tena kama ilikuwa kumi na nne au kumi na moja, na yule fundi aliyempa alikuwa amehamia machimbo mengine, hapatikani kwa simu. Nilimwomba msamaha. Kati ya watu wote niliowaumiza kwa kunyamaza, yeye ndiye ambaye sikuwa nimemfikiria hata mara moja.

Baba alichora karatasi ya miraba kwa rula, akaweka nukta katikati, akaibandika nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila Jumapili alinisimamisha hapo, akanifumba jicho la kushoto kwa kiganja chake, akauliza. Miezi miwili ya kwanza sikuwa na jipya la kumwambia, na Jumapili hizo nilitamani nisiende. Mara moja nilimdanganya kwamba miraba inanyooka. Alisema, "Usinipe zawadi, niambie unachoona." Sikurudia.

Mwezi wa tatu mistari ya pembeni ilianza kukaa sawa. Sikuamini, nikadhani nimezoea tu. Mwezi wa tano nilisoma ujumbe wa simu kwa jicho la kulia peke yake, polepole, neno moja moja. Nilimpigia baba nikiwa bado nimefumba lingine.

Doa halikuisha. Daktari alisema mara ya mwisho kwamba lililobaki huenda likabaki. Ni dogo, kama punje ya mtama iliyoshikwa mbali na uso, na mchana mkali silioni kabisa. Kazi naifanya kwa jicho la kushoto, ambalo sasa limeijua kazi. Wateja wengi hawajui lolote.

Picha nne za wingu ninazo. Zilitoka vizuri, na ya tano ni weupe mtupu. Siku hizi watu wakisikia habari za kupatwa kwa jua huja studio kuniuliza nilipigaje, kwa sababu majirani wa Samuye walisema. Nawaonyesha kwanza ile aliyopiga baba kwa simu yake, ukuta wa nyumba uliojaa vile vipande vilivyopinda, nimeisafisha kubwa na kuitundika juu ya meza. Wengi hudhani ni magamba ya samaki. Nawaeleza ilivyopigwa, mgongo kwa jua, na kwamba hata simu ya kawaida inatosha. Wengine huridhika. Wengine huuliza kama sina ya jua lenyewe, na hao nawaambia kisa chote tangu mwanzo, hata kama kuna foleni, kwa maana mtu anayeuliza hivyo ndiye ninayemwogopea.

Juzi baba alipiga simu. Amesikia kwamba miaka ijayo litapatwa tena. Jicho lake la kushoto limeshafanyiwa upasuaji, sasa ana yote mawili, na sauti yake ilikuwa ileile ya Jumatatu ya kwanza. Niliitazama picha ya ukuta juu ya meza.

"Nitakuja," nilisema mwishoni. "Ila kamera naiacha Ngokolo."

"Iache," alisema. "Tutaweka viti viwili."